Mipaka ya Moduli na Kasi ya Programu Sambamba: Mfano wa Programu ya Utabiri wa Hewa ya WRF

Utangulizi

Mwanafunzi wa mofolojia akipewa neno alimwandikia hulikata papo hapo: a-li-mw-andik-i-a. Nafsi, njeo, mtendewa, mzizi, kauli ya kutendea na kiishio, kila kimoja kina nafasi yake. Kiambishi li kikiondolewa na ta kikawekwa mahali pake, njeo hubadilika ilhali viungo vingine vyote husalia vilivyokuwa. Hili ndilo jambo ambalo waandishi wa programu za kompyuta hulitamani wanapozungumzia moduli. Kwao, moduli ni sehemu ya programu iliyopewa kazi mahususi, ikazungushiwa ua, kisha ikaachiwa mlango unaojulikana wa kupokelea data na kutolea matokeo. Aliye nje ya ua hahitaji kujua yanayotendeka ndani, na aliye ndani aweza kubomoa na kujenga upya bila ya kumsumbua jirani.

Makala haya yanachunguza kinachotokea pindi ua huo unapojengwa katika programu sambamba za kisayansi, yaani programu ambazo tatizo moja kubwa hugawiwa prosesa mamia au maelfu ili zilitatue kwa wakati mmoja. Hudaiwa mara kwa mara kwamba mwandishi wa programu za aina hiyo hana budi kuchagua: ama aandike msimbo unaosomeka, wenye mipaka bayana, ama aandike msimbo unaokimbia. Msimamo wa makala haya ni kuwa uchaguzi huo umeelezwa visivyo. Linalostahili kuulizwa ni mpaka upi uwekwe wapi, na ni mipaka ipi ibakie katika maandishi peke yake na kufutika kabla ya mashine kuanza kazi.

Mfano ulioteuliwa ni WRF, programu ya utabiri wa hewa iliyotolewa kwa umma kwa mara ya kwanza mwaka 2000, baada ya kuandaliwa na taasisi kadhaa za Marekani, kikiwemo Kituo cha Taifa cha Utafiti wa Anga (NCAR). Programu hii si ngeni Afrika Mashariki. ICPAC, kituo cha tabianchi cha IGAD chenye makao yake nchini Kenya, ni miongoni mwa wanaoitumia. Isitoshe, utabiri ni kazi isiyosubiri. Utabiri wa mvua ya kesho ukikamilika kesho kutwa haumfai mkulima wa Kano wala mvuvi wa Ziwa Victoria, hata msimbo wake uwe umepangwa kwa ustadi wa namna gani.

Siri ya Moduli

Mjadala wa moduli hauwezi kuikwepa makala ya David Parnas ya mwaka 1972. Mfano alioutumia utawavutia wanaisimu, maana ni programu ya kutengeneza faharasa iliyo na udugu na konkodansi. Programu hiyo husoma mistari, huyazungusha maneno ya kila mstari ili kila neno lipate zamu ya kutangulia, kisha huipanga mistari yote kialfabeti. Parnas alionyesha njia mbili za kuigawa. Ya kwanza hufuata hatua za kazi: kusoma, kuzungusha, kupanga, kuchapa. Ya pili hufuata maamuzi yanayoelekea kubadilika siku za usoni, kwa mfano namna mistari inavyohifadhiwa katika kumbukumbu ya kompyuta. Katika njia ya kwanza, kuubadilisha uamuzi huo mmoja hugusa karibu kila moduli. Katika ya pili, uamuzi huo ni siri ya moduli moja, nayo hiyo moja ndiyo itakayofanyiwa ukarabati.

Fundisho hilo limenukuliwa hadi limekuwa kama sala. Sehemu isiyonukuliwa sana ni ile inayofuatia katika makala hayo hayo, ambamo Parnas anatahadharisha kuwa mgawanyo wa pili, ukitekelezwa kwa pupa, utakwenda polepole kuliko wa kwanza. Sababu ni kwamba moduli zinazotunziana siri hulazimika kuulizana maswali madogo madogo kila mara, na kila swali lina gharama ya safari. Suluhisho alilolipendekeza ni kuwa maandishi ya utaratibu mdogo yachomekwe pale pale unapoitwa wakati programu inapojengwa, hivyo kwamba programu inayoendeshwa isifanane na ile iliyoandikwa. Ua uwepo kwa msomaji. Kwa mashine uondoke.

Mzungumzaji wa Kiswahili hufanya hivyo kila siku bila ya kujua. Hasemi waingi wala maino, bali wengi na meno. Sauti a na i zimekutana mpakani zikazaa e, na mpaka wenyewe haupo tena kinywani. Hata hivyo, sarufi haijaupoteza. Ngeli ya wa- ingali pale, na ndiyo inayotawala upatanisho wa sentensi nzima. Mwanaisimu huandika wa-ingi katika uchanganuzi, msemaji hutamka wengi, na wote wawili wako sahihi kwa sababu kila mmoja ana haja yake. Katika kompyuta kazi hii ya kuunganisha hufanywa na kompaila, yaani programu inayougeuza msimbo wa mwandishi kuwa amri za mashine. Kompaila za leo humeza taratibu ndogo ndani ya zile kubwa bila ya kuombwa, alimradi maandishi ya taratibu zote mbili yanaonekana kwa pamoja. Zikiwa katika mafaili tofauti kazi huwa ngumu zaidi. Na ikiwa utaratibu utakaoitwa unaamuliwa wakati programu tayari inaendeshwa, kompaila aghalabu hukata tamaa, nao mpaka hubakia na gharama yake yote.

Ukumbi wa Richardson

Ili kuelewa ni wapi gharama hizo zinauma, ni vyema kuanza na mtu aliyeuwaza utabiri sambamba kabla ya kompyuta za elektroniki kuwepo. Mwaka 1922 Mwingereza Lewis Fry Richardson alichapisha kitabu kuhusu utabiri wa hewa kwa njia ya hesabu. Alikuwa amekokotoa kwa mkono utabiri wa saa sita, kazi iliyomchukua majuma kadhaa, na jibu lake kuhusu badiliko la kanieneo ya hewa likatoka na kosa kubwa mno. Hakuvunjika moyo. Katika kitabu hicho alibuni ukumbi wa mviringo mfano wa jumba la maigizo, umechorwa ramani ya dunia ukutani, na ndani yake wamekaa watu 64,000 wanaokokotoa. Kila mmoja anashughulikia kipande chake cha dunia, na mbele yake pana kibao kinachoonyesha tarakimu zake ili majirani wazisome. Katikati, juu ya mnara, yuko msimamizi anayewamulikia taa ya rangi ya waridi walioharakisha na taa ya buluu waliobaki nyuma.

Kila kilichomo katika programu sambamba ya hewa kimo katika ukumbi huo. Eneo hukatwa vipande. Kila prosesa hupewa kipande. Na kwa kuwa upepo haujui mipaka, kila prosesa huhitaji tarakimu za ukingoni mwa jirani yake kabla ya kupiga hatua inayofuata. Makala haya yataziita tarakimu hizo ukingo wa kuazima.

Tuseme kituo fulani kinataka kutabiri hewa ya Afrika Mashariki katika eneo la mraba lenye kilomita 2,400 kila upande, kwa gridi ya kilomita 3. Hiyo ni nguzo 800 kwa 800 za hewa, na kila nguzo ikiwa na tabaka 40, jumla ni nukta 25,600,000. Kwa kawaida hatua ya wakati katika WRF hukadiriwa kuwa sekunde sita kwa kila kilomita ya gridi, kwa hiyo hapa ni sekunde 18. Utabiri wa siku tatu utahitaji hatua 14,400. Ukitakiwa kukamilika kwa saa tatu, kila hatua ina robo tatu ya sekunde: ndani ya muda huo nukta zote milioni 25 na ushei zikokotolewe na ukingo wa kuazima ubadilishwe, tena si mara moja tu, kwa maana hatua moja ina hatua ndogo ndani yake.

Kwa prosesa 256, kila moja itapata kipande cha nguzo 50 kwa 50, yaani nguzo 2,500. Ikiwa hesabu za upepo zinahitaji safu tatu za jirani kila upande, ukingo wa kuazima ni nguzo 600, pembe zikiachwa kando. Prosesa zikiongezwa hadi 1,024, kipande kinakuwa cha 25 kwa 25, nguzo 625, na ukingo wake ni nguzo 300. Kinachoazimwa sasa kinakaribia nusu ya kinachomilikiwa. Kadiri kazi inavyogawanywa, ndivyo mazungumzo yanavyoizidi kazi.

Hapa moduli iliyopangwa vizuri kwa jicho la msomaji yaweza kuleta balaa. Tuchukue vigeu kumi: halijoto, unyevu, pande tatu za upepo na vinginevyo. Mwandishi anayependa nadhifu ataunda moduli ya kila kigeu, na kila moduli itajitegemea kwa kujiazimia ukingo wake. Kwa majirani wanne, hizo ni jumbe 40 kwa kila mabadilishano. Mwandishi mwingine atazifunga tarakimu za vigeu vyote kumi katika furushi moja kwa kila jirani, na jumbe zitakuwa nne. Kiasi cha data ni kile kile. Kinachotofautiana ni idadi ya safari, na kila ujumbe, uwe mfupi vipi, una muda wa kuandaliwa na kusafiri ambao prosesa ingeutumia kufanya maelfu ya hesabu.

Ikumbukwe pia kanuni aliyoieleza Gene Amdahl mwaka 1967, kwamba sehemu ya kazi isiyogawika ndiyo inayoweka kikomo cha kasi. Asilimia 5 ya kazi ikiwa haigawiki, prosesa 256 zitaharakisha programu takriban mara 18.6. Prosesa 1,024 zitaiharakisha mara 19.6. Prosesa 768 za nyongeza, pamoja na umeme wake, zimeleta faida ya mara moja tu. Na sehemu hiyo isiyogawika hujificha mara nyingi ndani ya moduli zinazoonekana kuwa safi kabisa. Moduli ya kuandika matokeo inayokusanya tarakimu zote kwenye prosesa moja ndipo iandike faili ni rahisi kuielewa na rahisi kuirekebisha, lakini wakati inapoandika, prosesa nyingine zote zimekunja mikono. WRF ililazimika kuwa na mbinu ya kutenga prosesa maalumu za kuandika tu, ili nyingine ziendelee na hesabu.

Gharama ya Kufikia Kumbukumbu

Gharama iliyofichika zaidi iko ndani ya prosesa moja. Prosesa za kisasa hukokotoa haraka kuliko kumbukumbu inavyoweza kuzilisha, na kwa sababu hiyo huwekewa karibu nazo ghala ndogo ya haraka, yaani kache. Data hazichotwi kwenye kumbukumbu tarakimu moja moja. Katika prosesa nyingi huja kwa kipimo cha baiti 64 kwa mkupuo. WRF kwa kawaida hutumia tarakimu za baiti 4, kwa hiyo mkupuo mmoja hubeba tarakimu 16.

Mwandishi aliyefundwa vyema kuhusu moduli atashawishika kuunda kitu kiitwacho nukta, akiweka ndani yake halijoto, unyevu, kanieneo na vigeu vingine hadi 16. Mpangilio huo unalingana na fikra za kawaida: nukta ni mahali, na mahali pana sifa zake. Lakini utaratibu unaotaka halijoto peke yake utavuta baiti 64 kwa kila nukta na kutumia 4. Ni sawa na mtu anayetaka kujua umri wa wanakijiji akaagiza kila mmoja aletwe pamoja na jamaa zake 15. Halijoto zote zikihifadhiwa katika safu moja, unyevu katika nyingine, kila mkupuo huleta tarakimu 16 zinazohitajika zote. Mpaka uliochorwa kuzunguka nukta ni wa kimantiki ila ni mdogo mno. Umechorwa mahali ambapo mashine huvuka mara mamilioni kwa sekunde. Mpaka huo huo ukichorwa kuzunguka kipande kizima cha nguzo 2,500, gharama ya kuuvuka hugawanywa kwa nukta 100,000 na haionekani.

Fauka ya hayo, hesabu yenyewe inaonyesha kwamba katika programu za aina hii maswali mawili yatosha kuupima mpaka wowote: unavukwa mara ngapi, na kila uvukaji unabeba nini? Unaovukwa mara chache kwa mzigo mkubwa waweza kuwa mrefu na imara utakavyo. Unaovukwa mara nyingi kwa mzigo mdogo sharti uwe wa maandishi tu.

Usambamba kama Ukanushi

Mfano wa alimwandikia ulitolewa mwanzoni kana kwamba kila maana ina chumba chake. Wanafunzi wa Kiswahili wanajua kuwa si hivyo kila mara. Kanusha sentensi hiyo: hakumwandikia. Ukanushi umeingia mwanzoni kwa ha, lakini pia umekwenda kuiondoa li na kuweka ku. Kanusha anamwandikia: hamwandikii. Sasa kiambishi cha njeo kimetoweka kabisa na kiishio a kimegeuka i. Ukanushi ni uamuzi mmoja unaopita katika neno zima ukibadilisha hiki na kile. Hauna chumba. Ukimwambia mwanafunzi aufungie ukanushi ndani ya kiambishi kimoja, atashindwa, na kosa si lake.

Usambamba katika programu una tabia hiyo hiyo. Uamuzi wa kuigawa kazi kwa prosesa nyingi haukai katika moduli moja. Huingia katika mipaka ya kila mzunguko wa hesabu, katika ukubwa wa kila safu, katika kusoma na kuandika faili. Wengi waliojaribu kuutengea moduli yake walijikuta wametawanya amri za kutuma na kupokea jumbe katika programu nzima, hadi mtaalamu wa mawingu akawa hawezi kurekebisha fomula yake bila ya kujifunza kanuni za MPI, utaratibu wa kubadilishana jumbe uliosanifishwa mwaka 1994.

Sarufi ilikabilije ukanushi? Kanuni imeelezwa mahali pamoja, na utekelezaji wake umeenea kote. Msemaji hakariri orodha ya maneno yaliyokanushwa. Anajua kanuni, na kanuni huzalisha maumbo. Waundaji wa WRF walifuata njia inayofanana na hiyo kwa kiasi cha kushangaza. Programu yao, ambayo sehemu yake kubwa imeandikwa kwa lugha ya Fortran, ina matabaka matatu. Juu kabisa kuna tabaka la uendeshaji, linalojua kila kitu kuhusu prosesa na kumbukumbu lakini halijui lolote kuhusu mvua. Chini kabisa kuna tabaka la modeli, linalojua fizikia ya mvua lakini halina habari kuna prosesa ngapi. Kati yao kuna tabaka la upatanishi, na ndilo linalojua pande zote mbili. Jina hilo limesadifu, kwani mpatanishi ndiye anayekaa uani pa watu wawili wasiosemezana.

Kanuni ya usambamba nayo imeandikwa mahali pamoja, katika faili la maandishi liitwalo Rejista. Kila mstari hutaja kigeu, vipimo vyake, na iwapo kitasomwa au kuandikwa kwenye faili. Mistari mingine hutaja ni vigeu vipi viazimiwe ukingo kwa pamoja na kwa upana gani. Hapo ndipo yale mafurushi yaliyoelezwa awali yanapofungwa. Kabla ya programu kujengwa, chombo maalumu huisoma Rejista na kuzalisha maelfu ya mistari ya Fortran ambayo hakuna binadamu aliyeiandika.

Mtaalamu wa mawingu basi hukutana na usambamba kwa sura moja tu. Utaratibu wake hupokea tarakimu 18 zinazoeleza mipaka. Sita ni za eneo zima, sita za kumbukumbu aliyogawiwa, na sita za kigae, yaani sehemu ya kipande anayotakiwa kuikokotoa sasa. Ataandika mzunguko wake kuanzia mwanzo wa kigae hadi mwisho wake, basi. Haruhusiwi kutuma ujumbe, wala kuandika faili, wala kusimamisha programu. Akizitii amri hizo, utaratibu wake utafanya kazi kwenye kompyuta ndogo ya mezani na kwenye mashine yenye maelfu ya prosesa bila kubadilishwa herufi. Orodha ya tarakimu 18 haipendezi machoni, na mwalimu wa uandishi wa programu huenda akaikemea. Lakini inavukwa mara moja kwa kigae kizima, na hivyo ni mpaka wa bei nafuu.

Faida yake huonekana kwa mtumiaji. Katika faili la mipangilio, mtabiri akiandika 1 mbele ya kigezo cha fizikia ya matone atapata mbinu ya Kessler, iliyo nyepesi. Akiandika 6 atapata mbinu inayofuatilia pia barafu, theluji na mvua ya mawe. Akiandika 8 atapata ile ya Thompson. Hahitaji kuijenga programu upya. Kwa watafiti wanaotaka kujua ni mbinu ipi inazifaa dhoruba za usiku za Ziwa Victoria, dhoruba ambazo zimewaua wavuvi wengi, uwezo huo wa kulinganisha ndio utafiti wenyewe. Ni kweli kwamba taa za waridi na buluu za Richardson hazijazimika: prosesa iliyopewa anga kavu ya Turkana humaliza mapema kuliko iliyopewa dhoruba ya ziwani, kisha huisubiri. Moduli ya mawingu, kwa kuwa imefunikwa macho isione prosesa, haiwezi kulisaidia hilo.

Siri Isiyofichwa

WRF ina uamuzi mmoja ambao haukufichwa. Safu zake zote hupangwa kwa utaratibu wa mashariki-magharibi kwanza, kimo baadaye, kusini-kaskazini mwisho, na kila mzunguko katika tabaka la modeli umeandikwa kwa kuufuata. Ulikuwa mwafaka wa busara baina ya aina mbalimbali za prosesa zilizokuwapo wakati huo. Kwa kigezo cha Parnas, hata hivyo, huu ni uamuzi unaoweza kubadilika, na haukutunzwa na moduli yoyote. Unajulikana na kila mtu. Zilipokuja prosesa za michoro, ambazo hupendelea kulishwa data kwa namna yake, kuubadilisha kulimaanisha kugusa msimbo kila mahali.

Njia nyingine ilijaribiwa Uswisi. Idara ya hali ya hewa ya nchi hiyo, MeteoSwiss, ilishirikiana na watafiti wengine kuandika upya kiini cha programu ya COSMO kinachokokotoa mwendo wa hewa. Kutoka Fortran kilihamishiwa C++, kwa kutumia maktaba maalumu ambayo ndani yake mwandishi hutaja hesabu ya nukta moja na majirani wake tu. Mpangilio wa kumbukumbu na mfuatano wa mizunguko huamuliwa na maktaba kulingana na aina ya prosesa. Mwaka 2016 MeteoSwiss ilianza kutoa utabiri wa kila siku kwa prosesa za michoro. Sehemu ya fizikia ilibaki katika Fortran, ikaongezewa maelekezo kwa kompaila. Uamuzi huo wa kuchanganya haukuwa wa kupendeza kinadharia, ila ulizingatia kwamba wanaoitunza fizikia ni wanasayansi wa hewa, na lugha yao ni Fortran.

Maktaba za namna hiyo hugusa pia tatizo ambalo WRF haina jibu lake kamili. Moduli mbili zinazofuatana, ya kwanza ikiandika safu kwenye kumbukumbu na ya pili kuisoma, hulipia safari ya kwenda na kurudi. Mizunguko yake ikiunganishwa kuwa mmoja, tarakimu hutumika zikiwa bado mkononi mwa prosesa. Mwandishi akiunganisha kwa mkono, moduli zote mbili zimekufa. Hakuna tena anayeweza kuondoa moja na kuweka nyingine. Chombo kikiunganisha, mpaka hubaki katika maandishi. Idara ya hali ya hewa ya Uingereza imelifuata wazo hilo katika programu yake mpya iliyopewa jina la LFRic kwa heshima ya Richardson, ambamo msimbo wa katikati, baina ya kanuni za kisayansi na hesabu za ndani, huzalishwa na chombo kiitwacho PSyclone.

Lakini vyombo hivi navyo ni programu. Vinahitaji watunzaji, navyo hukosea. Kosa likitokea ndani ya mistari iliyozalishwa, mtafiti hulazimika kusoma Fortran isiyo na mwandishi, yenye majina ya vigeu yasiyomwambia kitu. Katika taasisi kubwa kuna mtaalamu chumba cha pili wa kuulizwa. Katika taasisi yenye wataalamu wawili au watatu wa programu hakuna, na hapo msimbo ulioandikwa wazi, hata ukiwa mzito kidogo, huenda ukawa ndio wa kasi zaidi kwa kupimwa tangu wazo hadi jibu.

Mtafiti huyo akitaka kuboresha mbinu ya mawingu ya WRF kwa ajili ya ziwa, atafungua faili moja, azikute zile tarakimu 18, na afanye kazi yake yote humo bila ya kuulizia prosesa. Hali hiyo itadumu hadi siku atakapohitaji unyevu wa nguzo ya jirani, pengine kwa kuwa dhoruba inapoinamia upande mmoja mvua yake hudondokea nguzo nyingine. Siku hiyo ua hautamtosha. Atakwenda kwenye Rejista, atakitaja kigeu chake katika mstari wa ukingo wa kuazima, atalitafuta katika tabaka la upatanishi mahali panapofaa mabadilishano hayo yafanyike, kisha atafuta yote yaliyojengwa, aijenge programu nzima upya tangu mwanzo na kungoja.